Sanduku Lililokataa Kunyamaza

Benchi la Pelenike limeegemea ukuta wa duka lake, hatua thelathini kutoka uwanja wa ndege, na ukishakaa hapo huwezi kuyakimbia maneno. Ni ubao mmoja mnene wa mashua ya zamani, umelazwa juu ya mapipa mawili yaliyojazwa mchanga, na umekaliwa na makalio yale yale kwa miaka kumi na tisa. Kahawa ya hapo ni ya kopo, inatiwa kamaimai, ile asali nyeusi ya mnazi, mpaka kijiko kinakwenda kwa shida. Siku za ndege watu hukaa mapema wakingoja king'ora kifukuze mbwa na pikipiki kwenye lami, maana siku nyingine zote lami hiyo ni ya mpira, ya vijana wanaochumbiana, na ya kulala wakati wa joto kali. Jumanne hii waliwahi kuliko kawaida. Jumamosi iliyopita upande wao, Upande wa Ndani, uliaibika ukumbini mbele ya wapinzani wao wa ngoma, Upande wa Nje, na aliyeuaibisha alikuwa amekaa katikati ya benchi na kikombe chake, amenuna.

Huyo ni Salilo. Watu humwita Kiganja kwa sababu kwa miaka thelathini na minne ndiye anayepiga sanduku la Upande wa Ndani. Fatele, ngoma ya kisiwa hicho, haitaki gitaa wala tarumbeta. Inataka sanduku la mbao, wanaume wamelizunguka wamekaa chini, wanawake wamesimama wanacheza, na wimbo mmoja mfupi unaorudiwa: raundi ya kwanza polepole, ya pili inakaza, ya tatu inakimbia, hivyo hivyo mpaka ukumbi unatetemeka. Halafu, pale juu kabisa, mpiga sanduku anakata, na wote wananyamaza kwa pamoja. Kukata ndiyo kazi yenyewe. Kupiga hata mtoto anapiga. Jumamosi Kiganja hakukata. Alipitiliza ya saba, ya nane, ya tisa, wachezaji wakagongana, maneno yakachanganyika, waimbaji wakaishiwa pumzi mmoja mmoja, na mwishowe sanduku likabaki linalia peke yake huku Upande wa Nje wakijishika mbavu. Leo saa kumi alasiri wazee wa upande wangekutana kuamua nani akalie sanduku Jumamosi ijayo. Kiganja hakuwa na kitu kingine duniani alichokitaka kama hicho, na alijua fika kwamba wanaweza kumnyang'anya.

— Hivi Kiganja, vile ulikuwa unapiga sanduku au unaua mende? — alianza Baharia.

Baharia jina lake Kelemene. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye meli za mizigo za Wajerumani, chumba cha injini, na tangu arudi hakuna jambo asilolipima kwa injini. Sanduku alilitaka siku nyingi. Hata kanisani alikuwa akijipigapiga pajani.

— Kunywa kahawa yako.

— Nimekunywa. Nimekuuliza.

— Na mimi nimekujibu.

— Hujanijibu kitu! Watu wazima arobaini tumekaa pale tunahema, wewe unatwanga tu. Mke wangu mpaka leo bega halinyanyuki.

— Mke wako mvivu.

— Eh! Mke wangu tena?

— Msinivunjie vikombe — alisema Pelenike kutoka dirishani. Alikuwa mama wa miaka sitini, mwenye duka, na enzi zake alicheza safu ya mbele miaka thelathini bila kukosea mkono. — Mkitaka kupigana nendeni kwenye lami, ndege iwakanyage wote wawili.

Wa tatu benchini alikuwa Daktari. Huyu alifagia sakafu za hospitali miaka thelathini, akastaafu na majibu ya kila ugonjwa. Alipuliza kahawa yake kwanza.

— Mnagombana bure. Hamjui wimbo mzuri ni nini.

— Mimi nisijue? — Baharia akamgeukia. — Mimi? Sikiliza wewe mfagiaji. Melini, injini ikiwa inazunguka polepole, sahani jikoni zinagongana. Ikizidi, zinagongana. Lakini kuna mahali katikati, mzunguko mmoja tu, sahani zote zinanyamaza. Unasikia raha mpaka unataka kulia. Wimbo nao hivyo hivyo. Raundi ya sita Jumamosi, sahani zilinyamaza. Nilisikia mwenyewe! Mwanamume mwenye akili anakata hapo. Huyu akaongeza mafuta.

— Ukumbini kulikuwa na sahani gani?

— Nasema kwa mfano, bwana!

— Mfano wako wa kipumbavu — alisema Daktari. — Ni damu. Wimbo hauingii sikioni, unaingia kwenye mshipa huu hapa, wa shingo. Moyo ukipata mwendo wa wimbo, mtu anasema huo ndio wimbo. Sasa sisi Upande wa Ndani nusu yetu tuna presha. Kwa nini? Nyama ya kopo. Chumvi. Moyo wetu unafika raundi ya tatu, wimbo bado uko nyuma. Tunasisimka mapema, tunachoka mapema. Wale wenzetu wanakula samaki, ndio maana wanatucheka.

— Kopo zima la Jumapili nani alilimaliza? — Pelenike alipaza sauti.

— Nilikuwa nafanya utafiti.

Kiganja hakucheka. Viganja vyake vilikuwa juu ya magoti, vimevimba bado, na kila mmoja alikuwa akiviangalia kwa pembeni huku akijifanya haoni. Hasira yake haikuwa na mahali pa kukaa. Ilikuwa kwa Baharia, ilikuwa kwa Daktari na mishipa yake, ilikuwa kwa kahawa yenyewe.

— Nyote wanaume hamjui — Pelenike alitoka nje na chupa ya chai iliyojaa kahawa, akawamiminia bila kuulizwa. — Mimi nitawaambia. Ni maua. Tunavaa mashada kichwani, si ndiyo? Unacheza, kichwa kinapata moto. Wimbo ukifika, maua yote ukumbini yananukia kwa mara moja. Kwa mara moja! Hujui ni ya nani. Hapo ndipo pake. Jumamosi yalinukia raundi ya sita nikafumba macho. Kufika ya tisa, yananuka mchuzi.

— Naona nyote mmepanga kusema ya sita — alisema Kiganja.

— Hatujapanga. Tulikuwepo!

— Ni ubao. Mlibadilisha ubao wa juu wa sanduku bila kuniuliza. Ule wa zamani ulikuwa unaniambia. Huu mpya ni bubu. Unaupiga, haujibu.

— Ubao nimeupigilia mimi kwa mikono yangu! — Baharia alisimama.

— Ndiyo maana ni bubu!

— Mbao bora hiyo! Nimeichagua mwenyewe bandarini!

— Basi nenda ukaolewe nayo!

Kahawa ya Baharia ilimwagika kwenye suruali yake. Alitukana kwa Kijerumani, kama anavyofanya siku zote akizidiwa, kisha akaketi tena kwa kishindo na benchi likanung'unika.

— Ngojeni, ngojeni — Daktari alinyanyua kidole. Macho yalikuwa yameanza kumng'aa, dalili mbaya. — Jumamosi ilikuwa bamvua, yale maji makuu ya mwezi. Mnakumbuka? Maji yalikuwa yanatoka kwenye mashimo ya kaa nyuma ya ukumbi. Nilivua ndala. Sasa fikirini. Chini ya sakafu kuna maji. Kiganja anapiga sanduku, sanduku linapiga sakafu, sakafu inapiga maji, maji yanapiga kisiwa chote, yanagonga kule mwisho, yanarudi. Huyu mtu hakuwa anapiga! Alikuwa anapigwa! Kisiwa ndicho kilichokataa kunyamaza.

— Kwa hiyo kosa ni la mwezi — alisema Baharia.

— La mwezi na la nyama ya kopo.

— Wazee wetu walipiga fatele miaka yote, bamvua haikuwepo?

— Haikuwa inapanda namna hii. Muulize yeyote mwenye shimo la majimbi, chumvi imeingia mpaka mizizini.

Kiganja alimgeukia Daktari. Maneno ya Daktari yalikuwa ya kiwazimu, lakini yalikuwa na faida: hayakumtaja mtu. Aliyaona yakisimama mbele ya wazee saa kumi, yakisikilizwa, labda yakiitikiwa kwa kichwa.

— Bamvua — alisema. — Ndiyo. Hilo nitawaambia.

Alijua bamvua haikuhusika hata chembe.

— Utawaambia wazee uongo huo? — Baharia alimkazia macho. — Wewe, na mvi zako?

— Una ushahidi gani ni uongo?

— Haya, tuache bahari. Tuseme basi ukweli ambao kila mtu anauogopa. Labda wimbo wenyewe ulikuwa mbovu. Mistari minne. "Ingizeni mikeka, mvua inakuja, wahesabuni watoto, mmoja bado yuko nje." Ndiyo nini? Mtu mgonjwa, yuko kitandani, anatunga huku anaweweseka, na Teleke siku zile...

Hakumaliza. Daktari aliacha kupuliza kahawa. Pelenike alijishika mdomo.

Teleke alikuwa dada yake Kiganja, tumbo moja, na alikuwa amezikwa wiki saba zilizopita. Kwao, kaka na dada wakishakua hawakai mkeka mmoja, hawataniani, hawaangaliani usoni wakizungumza, na hakuna mtu mwenye adabu anayemjadili dada wa mtu mbele yake. Kiganja na Teleke walikuwa hawajakaa pamoja kupiga soga tangu yeye ana miaka kumi na minne na dada ana kumi na miwili. Lakini Teleke alikuwa mtunzi. Alitunga, akawafundisha wanawake, wanawake wakaupeleka wimbo kwa wanaume, na Kiganja akaupiga. Nyimbo arobaini na moja. Nusu ya kisiwa wamezaliwa, wameoa na wamezikwa kwa nyimbo hizo. Yeye hakuwahi kumwambia hata mara moja kwamba ni nzuri. Alikata panapostahili, na dada yake alielewa.

Kiganja aliweka kikombe chini. Kisha alimshika Baharia shati la kifuani, kwa mikono yote miwili.

— Sema tena.

— Kiganja...

— Sema tena jina lake! Sema!

— Nisamehe, mdomo umeteleza!

— Wa kwanza kumpiga mwenziwe namwagia hii! — Pelenike alikuwa katikati yao na chupa wazi, mvuke unampanda usoni. — Nitawababua kama nguruwe, haki ya Mungu sitanii! Achaneni! Mwache, Salilo!

Alimwacha. Baharia alijinyoosha shati, uso umemwiva, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyejua kunyamaza, akaongeza kwa sauti ya chini:

— Nimekosa, nimeomba radhi. Lakini mkono uliouangusha wimbo wake si wangu.

Hapo king'ora kililia. Mbwa walitoka kwenye lami kwa uvivu, mmoja alibaki mpaka akarushiwa kandambili. Ndege ilishuka kutoka upande wa bahari ya ndani, ile tulivu iliyozungukwa na visiwa, ikapita mbele yao kwa kelele, ikageuka mwisho wa lami na kurudi. Wote wanne waliitazama kama vile hawajawahi kuona ndege. Ilikuwa nafuu kuwa na kitu cha kutazama.

Abiria wa tisa kushuka alikuwa Losaline, binti wa Teleke, muuguzi kule Suva, mji wa ng'ambo. Mama yake alipokufa ndege haikuruka kwa siku kumi, na ilipoanza kuruka ilikuwa imejaa. Alizika kwa simu. Sasa alivuka moja kwa moja kutoka kwenye jengo la abiria mpaka benchini, begi begani na mfuko wa majimbi mkononi, kwa sababu hapo ndipo alipojua atamkuta mjomba wake.

Pelenike alimkumbatia na kuanza kulia. Daktari na Baharia walisimama. Kiganja alimpa shavu, akavuta pumzi, salamu ya kwao.

— Kaa, mwanangu, kaa unywe kitu — alisema Pelenike.

— Sikai, mama. Ndani ya ndege nimeambiwa mmeimba wimbo wa mama.

— Tumeimba.

— Jumamosi.

— Jumamosi, mwanangu.

— Siku tatu! — Begi lilianguka chini. — Mlijua nakuja Jumanne. Nilituma ujumbe kwa kila mtu. Wiki saba nimengoja ndege, na nyie mmeshindwa kuningoja siku tatu?

— Zamu ilikuwa yetu — alisema Daktari. — Zamu haihamishwi, ndio utaratibu.

— Utaratibu! Nimekosa maziko, nimekosa wimbo, mnaniambia utaratibu! — Alijifuta uso kwa kiganja, kwa hasira, kama anayefukuza nzi. Kisha akawatazama mmoja mmoja. — Haya. Basi niambieni. Uliishaje?

Lilikuwa swali dogo. Tangu asubuhi walikuwa hawajazungumza jambo jingine, kwa mishipa, kwa maua na kwa mwezi, na sasa mtu alikuwa amekuja kuwaomba neno moja tu. Daktari alichungulia ndani ya kikombe chake. Pelenike alisema, "Maua yalinukia," akaishia hapo. Baharia alikuwa na nafasi aliyoitafuta miaka mingi: angefungua mdomo, angesema ukweli mbele ya mwenye msiba, na hakuna mzee ambaye angemrudishia Kiganja sanduku baada ya hapo. Aliufungua. Akamtazama yule binti.

— Uliisha vizuri — alisema Baharia. — Vizuri sana.

— Mwongo! — Kiganja alimfokea. — Nani kakutuma unisemee? Haukuisha. Haukuisha, Losaline.

— Vipi haukuisha?

— Niliukatalia. Raundi ya sita mikono ilijua. Watu wote hapa wanakwambia ya sita na wanasema kweli. Mikono ilitaka kukata, mimi nikaizuia. Nilisema nikikata hapa, basi, hana mwingine. Huo ndio wa mwisho alioutunga. Nikaongeza moja. Nikaongeza nyingine. Hakuna ubao wala bamvua. Wenzangu wameanguka nimebaki napiga peke yangu, watu wanacheka, na bado sikutaka kuacha.

Losaline alikuwa akilia, lakini sauti yake haikulegea.

— Kwa hiyo mama yuko kule ukumbini mpaka sasa, mdomo wazi?

— Losaline... — Pelenike alijaribu.

— Hapana, nimwambie! Miezi miwili kitandani, mama anatafuta mistari minne. Ananipigia simu usiku, anauliza neno hili linafaa, neno hili halifai. Anajua ataimbiwa na atanyamazishwa vizuri, kwa sababu kaka yake yupo. Alisema hivyo, mjomba. "Salilo atajua." Na wewe umemwacha mdomo wazi, mbele ya watu wanaojishika mbavu?

Kiganja alipokea maneno yote amesimama wima. Hakujua kwamba dada yake aliwahi kulitaja jina lake akizungumzia nyimbo. Yalimchoma kuliko vicheko vya Jumamosi, na yalimfurahisha, na alikasirika kwamba yanamfurahisha. Alipogeuka kwa Baharia sauti yake ilikuwa ya ugomvi.

— Wewe. Jumamosi wimbo utaimbwa tena. Sanduku kalia wewe.

— Acha hizo, Kiganja.

— Umelitaka miaka kumi na tano, sasa unaliogopa?

— Sikulitaka namna hii.

— Hakuna namna nyingine. Mimi nikikaa pale nitafanya vile vile, najijua. Wazee nitawaambia mwenyewe saa kumi, na nitawaambia ukweli. Kalia.

Baharia alijikuna shingo. Alitazama viganja vyake vya fundi, akavigeuza, kana kwamba amepewa vya mtu mwingine.

— Nikate ya ngapi? Ya sita?

— Usihesabu! — Kiganja alipiga kelele hadi watu waliokuwa wanapakua mizigo wakageuka. — Nani amekwambia ni kuhesabu? Watu watakuwa wengine, pumzi nyingine, labda itakuwa ya tano, labda ya nane! Achana na sahani zako! Utapiga, utapiga, utafika mahali utasema moyoni, Mungu wangu, huu usiishe. Umenisikia? Usiishe kamwe. Basi hapo hapo, wewe mjinga, kata.

— Na nikishindwa, kama wewe?

Kiganja aliokota begi la mpwa wake, akalitupia begani, akatangulia njia ya nyumbani kwa Teleke huku bado anafoka peke yake, na Losaline akachukua majimbi akamfuata.